Shajara ya mradi: kuandika upya sheria ndogo ya kinamasi, upande wa Uganda wa mto Malaba

Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya gombolola letu (ngazi ya serikali ya mtaa iliyo chini ya wilaya), mashariki mwa Uganda, mahali ambapo kijito chenye kinamasi cha mafunjo kinamwaga maji yake katika mto Malaba. Shajara hii naiweka kwa ajili ya makatibu wenzangu wanaotaka kufanya kazi hii hii kwao. Yaliyokwenda sawa nimeyataja kwa ufupi. Yaliyotushinda nimeyaandika kwa urefu, pamoja na fedha zilizotumika, maana hayo ndiyo niliyoyatafuta kwa wengine nikayakosa.

17 Januari 2024: Sheria ya zamani

Sheria ndogo tuliyo nayo ni ya mwaka 2003. Niliikuta kabatini ofisini, kurasa sita zilizopigwa taipu, na ukurasa wa nne mchwa wameula nusu. Kifungu chake kikuu kinasema ni marufuku kuharibu kinamasi. Hakisemi kinamasi kinaanzia wapi wala kuharibu ni kufanya nini. Mtu mwenye jembe mkononi akikuuliza, "Nimeharibu wapi?", huna la kumjibu.

Tena imesimama juu ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 1995, ambayo ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019. Msingi mwingine bado upo imara. Ibara ya 237 ya Katiba inasema serikali kuu au serikali ya mtaa inashikilia vinamasi, mito na maziwa kama amana kwa ajili ya wananchi wote. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa nazo zinaendelea kutumika. Tulikubaliana tusiweke kiraka, tuandike upya.

Kwa nini sasa? Takwimu za taifa zinaonyesha vinamasi vya Uganda vilikuwa takriban asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994, na kufika 2019 vimeshuka hadi karibu asilimia 9. Kwetu sisi haikuhitaji takwimu. Chemchemi ya chini ya shule ilikuwa inajaza dumu la lita 20 kabla hujamaliza kusalimiana na jirani. Sasa watoto wanapanga madumu foleni na wanachelewa darasani.

Gharama: nakala 30 za sheria ya zamani, kurasa sita, shilingi 200 kila ukurasa. Jumla 36,000.

9 Februari 2024: Mpaka wa kwanza

Tulianza na mpaka, nami bado naamini hapo ndipo pa kuanzia. Tulikuwa watu sita kwa siku mbili, tukifuata mahali majani mabichi yanapokwisha na nyasi kavu zinapoanza. Kila baada ya hatua kadhaa tulipigilia kigingi cha mkaratusi. Vigingi 120.

Gharama: kanda ya kupimia ya mita 50, 45,000. Vigingi, 120,000. Chakula cha watu sita siku mbili, 60,000. Jumla 225,000.

29 Aprili 2024: Maji yamevuka vigingi

Kazi yote ya Februari imekwenda na maji, na kosa ni letu. Mvua za mwaka huu zimepiga Afrika Mashariki nzima, nasi hazikutupita. Leo nimetembea ukingoni na viatu mkononi. Kwenye bonde la kusini maji yamepita vigingi vyetu kwa zaidi ya hatua 60. Nilihesabu vigingi 41 vilivyosimama. Vingine vimezama, na vingine vilikwisha kung'olewa vikawa kuni hata kabla ya mvua.

Nikiwa hapo, mama mmoja mzee anayesuka mikeka alitoka na mundu wake kutoka kwenye mafunjo. Akaniuliza natafuta nini, nikamweleza.

"Mwalimu, mwanangu, mbona hamkuniuliza?" akasema. "Maji yakija kwa hasira hufika kwenye ule mwembe. Nenda uuguse."

Nilikwenda. Kwenye gome, usawa wa goti langu, kulikuwa na mstari wa tope lililokauka, mwembamba, umezunguka shina lote kana kwamba mtu ameuchora kwa chaki ya kahawia. Chini yake gome lilikuwa laini na lina kuvu. Juu yake limepasuka na kukauka. Mwembe huo upo hatua 75 nje ya vigingi vyetu.

Anayenakili kazi hii aanze hapa: usipime kinamasi Januari au Februari. Kiangazi kinamasi hujikunja, nawe utaandika kwenye sheria kwamba robo yake si kinamasi. Na kabla ya kushika kanda, tafuta watu wanaoingia majini kila siku: wasuka mikeka, wavua kamongo, wachunga ng'ombe.

14 Juni 2024: Mkutano uliovunjika

Tuliitisha mkutano wa hadhara kusoma rasimu. Makosa matatu kwa siku moja.

La kwanza, tulichagua siku ya gulio. Waliokuja ni wazee na wenyeviti wa vijiji. Vijana wa matofali, ambao mashimo yao ndiyo yamekitoboa kinamasi, hawakuwepo hata mmoja.

La pili ni lugha. Rasimu ilikuwa kwa Kiingereza, nami nikawa naitafsiri sentensi kwa sentensi. Neno la ukanda wa kinga, yaani kipande cha kando ya maji kinachoachwa ili kuulinda mto, sikuwa nimelitafutia maneno. Nililisema kwa namna tatu tofauti, na kila namna iliwaongezea watu wasiwasi.

La tatu sikuliona likija. Juni hiyo hiyo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilikuwa imebomoa nyumba katika kinamasi cha Lubigi, karibu na Kampala, na kila mtu alikuwa ameona picha kwenye simu. Nilipotaja mita, mzee mmoja alisimama: "Sema wazi, katibu. Mmekuja kutubomolea?" Nikajibu kwa vifungu vya sheria. Mtu mwenye hofu ya nyumba yake hajibiwi kwa vifungu. Watu waliinuka kabla ya chai.

Gharama: viti na turubai, 150,000. Chai na mandazi, 90,000. Jumla 240,000, na ukurasa mmoja tu wa maoni.

3 Julai 2024: Mkutano wa pili, kwenye tanuri

Safari hii tuliwafuata. Saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, tulikaa juu ya matofali mabichi pembeni ya tanuri. Hatukubeba rasimu. Nilibeba karatasi moja tu yenye mambo ambayo sheria mpya haitafanya. Haitabomoa nyumba ya mtu. Haitampa yeyote wa gombolola ruhusa ya kuchukua ardhi. Nililisoma hilo kwanza, kwa Kiswahili, kisha wenzangu wakalirudia kwa Ateso na Dhopadhola.

Ndipo tukazungumza. Kijana mmoja, mikono imejaa udongo hadi kwenye kiwiko, alisikiliza maelezo yangu ya ukanda wa kinga akasema: "Kumbe ni kibaraza cha mto. Kibaraza cha mtu hupiki juu yake, wala hulali hapo bila kubisha hodi." Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji maelezo. Kwenye nakala ya Kiswahili tumeandika "ukanda wa kinga (kibaraza cha mto)", na vijijini watu wanatumia la pili tu.

Kuhusu matofali hatukukubaliana kila kitu. Walikiri kwamba mashimo yaliyo katikati ya kinamasi yanamwaga maji na hayajai tena. Walitaka kupewa muda na mahali pengine penye udongo. Tuliandika yote mawili. Sharti letu lilikuwa moja: shimo jipya lisichimbwe kuanzia siku ile.

Gharama: hakuna. Waliotukaribisha ndio waliotoa uji.

16 Agosti 2024: Namba za sheria zimebadilika

Fupi lakini ni muhimu kwa yeyote anayeandika sasa. Toleo jipya la sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na namba za sura zimehama. Sheria ya Serikali za Mitaa, ambayo sote tuliijua kama Sura ya 243, sasa ni Sura ya 138. Sheria ya Mazingira ni Sura ya 181, na ya Ardhi ni Sura ya 236. Namba za vifungu ndani yake nazo zimesogea. Rasimu yetu ilikuwa na marejeo 19 ya zamani, na ilitubidi kurudi kwenye kila moja. Usinakili marejeo kutoka kwenye sheria ndogo ya gombolola jingine, hata kama ni ya mwaka jana.

30 Agosti 2024: Mita 30 au mita 100?

Tuliandika mita 30 kila mahali. Kanuni za mwaka 2000 zina vipimo viwili vya mito: mita 100 kwa mito iliyotajwa kwenye jedwali la sita, na mita 30 kwa mito mingine yote, kuanzia alama ya juu kabisa ya maji. Kwa maziwa ni mita 200 kwa yaliyotajwa na 100 kwa mengine. Malaba umo kwenye jedwali, pamoja na Manafwa, Mpologoma na Namatala. Kwa hiyo mtoni ni mita 100, na kwenye kijito chetu ni mita 30. Tulikuwa tumelisoma kifungu bila kufungua jedwali lake lililo nyuma ya kitabu.

Hapa ndipo swali la mpaka lilipotujia. Kwenye kipande ambacho Malaba ndio mpaka wa nchi, mkulima wa kwetu anamwona jamaa yake ng'ambo, upande wa Kenya, akilima karibu na maji. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 zilitaja ukanda wa kuanzia mita 6 hadi 30. Mto ni mmoja, mafuriko ni yale yale, na ndugu wamezaliwa nyumba moja. Sina jibu la kumpa mkulima huyo zaidi ya kumwambia ukweli kwamba sheria yetu inafuata Uganda. Uchungu wake nauelewa.

20 Septemba 2024: Asilimia 25 ya nini?

Kosa hili nusura lituharibie sheria yote. Kanuni zinahesabu baadhi ya kazi kuwa matumizi ya jadi yasiyohitaji kibali: kukata mafunjo na matete ya nyumbani, kuchuma dawa, kuvua kwa mitego, mikuki na vikapu, kuchota maji, na kilimo ambacho hakizidi asilimia 25 ya eneo lote la kinamasi. Sisi tuliandika kwamba kila mkulima anaruhusiwa kulima asilimia 25 ya kipande chake ndani ya kinamasi.

Tafuta tofauti. Kwa maandishi yetu, mwenye kipande kikubwa angepata kikubwa, na asiyekuwa na kipande angekwenda kujikatia kipya ili apate robo yake. Kanuni inahesabu kinamasi kizima kama mwili mmoja.

Basi ikabidi tujue kizima ni kiasi gani, na kinamasi hakijui mipaka ya magombolola. Nilimwendea katibu mwenzangu wa gombolola jirani. Tulizunguka kinamasi kwa miguu tukiwa na simu zenye programu ya kupima eneo, siku nne. Upande wetu una hekta 62, na 27 zimelimwa. Upande wao una 34, na 11 zimelimwa. Jumla ni hekta 96, zilizolimwa 38. Robo ya 96 ni 24. Maana yake hekta 14 zinapaswa kurudi kuwa mafunjo, na sehemu kubwa ni mashamba ya mpunga yaliyo katikati, kwenye mkondo wenyewe.

Tuliweka ratiba ya misimu mitatu, tukianzia mkondoni kwenda nje. Wanaoacha mpunga wa majini wanapewa nafasi ya kwanza kwenye mbegu za mpunga wa nchi kavu kupitia ofisa kilimo. Hautoi sawa na ule wa kinamasi, na niliwaambia hivyo.

8 Novemba 2024: Mpaka wa pili, kwa udongo

Mara hii tulipima maji yakiwa yamejaa, na hatukutegemea macho peke yake. Ofisa mazingira wa wilaya alituonyesha jinsi ya kusoma udongo. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea kekee ya kuchimbia kwa bomba la chuma na mpini wa msalaba, shilingi 80,000.

Kazi inakwenda hivi. Unazungusha kekee hadi sentimita 50, unaitoa, unalaza udongo juu ya gunia kwa mpangilio uliotoka nao. Mahali pa nchi kavu udongo ni mwekundu au kahawia kuanzia juu hadi chini. Mahali maji yanapokaa miezi mingi kila mwaka udongo ni wa kijivu, na ndani ya kijivu hicho kuna madoa ya rangi ya kutu, madogo, yakifuata njia za mizizi iliyokufa. Ukiuvunja karibu na pua, wa katikati ya kinamasi unanuka kama yai viza. Unasogea hatua tano nje, unachimba tena, hadi kijivu kinapokwisha.

Mkulima mmoja aliyekuwa amebisha tangu Juni kwamba shamba lake ni nchi kavu alichukua kekee mwenyewe. Alichimba mashimo matatu. La tatu lilipotoka na kijivu chenye kutu, aliuviringisha ule udongo kwenye kiganja muda mrefu, kisha akasema, "Baba alikuwa akivua kamongo hapa." Hakubisha tena, na mimi sikuongeza neno.

Mstari wa udongo ulipita karibu sana na ule mwembe wa yule mama.

Gharama: kekee 80,000. Chakula cha watu wanane siku nne, 160,000. Jumla 240,000.

24 Januari 2025: Nguzo na masale

Vigingi vya miti tumeacha. Tumesimika nguzo 24 za zege kwenye kona na mapindo, na katikati yake tumepanda masale, mmea ambao Waganda wanauita luwaanyi na ambao watu wa sehemu nyingi za Uganda wanautambua kuwa alama ya mpaka. Mtu anayeng'oa nguzo ya serikali bila kujali husita mbele ya masale.

Wiki mbili baadaye nguzo tatu zilisogezwa usiku kuelekea majini. Hatukujua ni nani na hatukumtafuta. Tulizirudisha, na tukabadilisha utaratibu: kila nguzo sasa ina vipimo vya simu, picha ikiwa na majirani wawili wamesimama pembeni yake, na umbali wake hadi kitu kisichohama, kama mvule, jiwe kubwa au kona ya darasa. Majirani wanatia sahihi. Orodha hiyo imeambatishwa kwenye sheria kama jedwali. Kama tungefanya hivyo siku ya kwanza, tusingekuwa na mabishano ya wiki nzima kuhusu shimo lipi ndilo lilikuwa la nguzo.

Gharama: nguzo 24 kwa 25,000, jumla 600,000. Usafiri wa miche ya masale 60,000. Miche yenyewe tulipewa.

21 Machi 2025: Barazani

Baraza la gombolola limepitisha rasimu. Kifungu kilichochukua nusu ya siku ni cha ukanda wa nje ya mpaka wa kinamasi, mahali ambapo hakuna kijito karibu. Tulikuwa tumependekeza mita 30 hapo pia, kwa kufananisha na mto.

Diwani wa wanawake alisimama na kamba. Alikuwa amepima kiwanja cha mjane mmoja wa kijiji chake: mita 20 kwa 60, kimekaa wima kuelekea kinamasi. Alinyoosha kamba sakafuni ukumbini, akaikunja katikati. "Mita 30 ni hapa," akasema. "Mama huyu ana watoto wanne. Niambieni nusu hii anaihamishia wapi." Ukumbi ulinyamaza. Nilikuwa nimeandika ile namba 30 mezani, na sikuwa nimewahi kuinyoosha juu ya shamba la mtu.

Tulikubaliana mita 10 kwa ukingo wa kinamasi: majani ya kudumu na miti, hakuna kulima, lakini kukata majani ya mifugo na kuweka mizinga ya nyuki kunaruhusiwa. Kwenye kijito na mto vipimo vya taifa vinabaki kama vilivyo, maana baraza la gombolola halina uwezo wa kuvipunguza.

13 Juni 2025: Imerudi kutoka wilayani

Sheria ndogo ikishapita kwetu hupelekwa kwa baraza la wilaya lithibitishe kwamba haipingani na Katiba, sheria za Bunge wala sheria za wilaya. Yetu ilirudishwa na masahihisho. Mshauri wa sheria alikaa nasi asubuhi nzima, na ninayaandika aliyotuonyesha kwa sababu naamini wengi wanakosea hapo hapo.

Faini. Tuliandika shilingi 500,000. Sheria ya Serikali za Mitaa inaweka kikomo, na hata sheria ya wilaya nzima haipiti pointi mbili za sarafu. Pointi moja ni shilingi 20,000. Mwenye trekta atalipa 40,000 akiwa anacheka. Kwa hiyo uzito tumeuhamisha kutoka kwenye faini kwenda kwenye urejeshaji: aliyechimba mfereji anaufukia, aliyefyeka mafunjo anayapanda tena kwa vipande vya mizizi, chini ya usimamizi wa kamati, kwa tarehe iliyoandikwa. Uharibifu mkubwa hatuushughulikii sisi. Unapelekwa kwa ofisa mazingira wa wilaya ili Sheria ya 2019 itumike, ambayo adhabu zake ni nzito kupita zetu mara nyingi.

Kuruhusu tusichoweza kuruhusu. Tulikuwa tumeandika kwamba mboga zinaweza kupandwa kwenye nusu ya nje ya ukanda wa mto. Ndani ya ukanda huo kazi inahitaji idhini ya maandishi ya NEMA. Gombolola linaweza kukaza, haliwezi kulegeza. Kifungu kimeondoka, ingawa kiliwauma madiwani kwa sababu waliwaahidi watu.

Maana ya maneno. Tulikuwa na "kinamasi", "bonde" na "ardhi oevu" vikitumika kana kwamba ni kitu kimoja. Wakili wa mtu yeyote angepita katikati yake. Sasa kuna neno moja, na maana yake inataja maji, mimea na udongo, pamoja na jedwali la nguzo.

Gharama tangu Machi: safari kumi za bodaboda kwenda na kurudi wilayani, 140,000.

19 Septemba 2025: Imethibitishwa

Tuliharakisha. Mwaka 2026 ni wa uchaguzi na baraza hili linafikia mwisho wa muda wake. Rasimu isiyokamilika ingeanza upya na watu wapya. Baraza lilipitisha masahihisho Julai, wilaya ikathibitisha, mwenyekiti akatia sahihi. Nakala za Kiingereza, Kiswahili, Ateso na Dhopadhola zimebandikwa gombololani, kwenye shule, kwenye zahanati na kwenye kibanda cha mizani gulioni. Uchapaji, 84,000.

Gharama yote tangu Januari 2024: shilingi 1,625,000. Kati ya hizo, 465,000 zilipotea kwa mambo mawili, vigingi vya kiangazi na mkutano wa siku ya gulio. Ukiwa na fedha kidogo, hizo ndizo za kuokoa.

7 Novemba 2025: Shauri la kwanza

Kijana mmoja amechimba shimo jipya la matofali, hatua 15 ndani ya mpaka, kati ya nguzo ya 9 na ya 10. Waliotuarifu ni vijana wenzake wa tanuri, wale wale wa Julai, kwa sababu wao waliacha na yeye akaendelea. Mhusika hakubisha kuhusu mpaka. Alisimama katikati ya masale mawili na alijua yuko upande gani. Alibisha kuhusu mahali pa kwenda. Ile ahadi yetu ya kutafuta udongo mwingine bado haijatimizwa. Tumepima sehemu mbili za mlimani na udongo wake unapasuka motoni.

Ameanza kufukia, na kamati imempa hadi mwisho wa Desemba. Wawili wa kamati wanamsaidia kwa majembe yao.

Yanayobaki wazi. Hekta 14: tano zimeachwa msimu huu, na kwenye mbili mafunjo yamefika kiunoni. Kwa yule mjane, mita 10 zake zina mizinga miwili, na nyuki wameingia mmoja. Kwenye mto, upande wa pili, bado wanalima karibu na maji. Nimemwandikia mwenyekiti wa watumiaji maji wa ng'ambo barua kwa Kiswahili, na tumepanga kukutana darajani mvua zikipungua. Nitaandika tukirudi.